Mwalimu wa Kuanguka

Nguo za watu waliotoka angani hunifikia zikiwa bado na joto lao. Ni ovaroli nene za rangi ya chungwa, na ndani yake mna jasho, matapishi, na mara nyingi kuliko wenyewe watakavyokiri, mkojo. Nimezifua kwa miaka katika ua wa nyuma wa kampuni moja ya Diani, inayopandisha watu kwa ndege ndogo na kuwatupa na miavuli. Ukitaka kujua raha ya mchezo ule iko wapi, usiwaulize wenye picha. Njoo uani nikuonyeshe beseni.

Aliyekuwa akinijazia beseni hilo tulimwita Mwalimu. Hakuwa na darasa wala chaki. Kazi yake ilikuwa kumfunga mgeni kifuani pake kwa mikanda, kupanda naye ndege uwanja wa Ukunda, na kujitupa naye mlangoni mpaka washuke ufukweni, watu wawili kwa mwavuli mmoja. Jina alikuwa nalo na mimi nalijua, lakini sisi wa uani hatukuwahi kulitumia, na sitaanza leo. Alikuwa mtu wa bara. Bara ya wapi sikumuuliza, naye hakusema.

Wengi walimpenda, nalisema mapema wasije wakasema namsengenya. Alikuwa mrefu, mkavu, miguu mitupu mchana kutwa, na cheko lake lilisikika mpaka barabara ya lami. Wageni walikuwa wakimwona tu wanamwamini. Mimi nilimsikia kinyaa tangu wiki ya kwanza, na kinyaa hicho kilizidi pale nilipotambua kwamba anamtaka mwanangu. Si kwa ndoa, maana hilo ningejua la kulijibu. Alitaka Mejumaa aruke.

Nianze na kinyaa kidogo, kikubwa kitafuata. Mwalimu alitafuna chingamu asubuhi hadi jioni. Akiitwa kwenda kupanda ndege, aliitoa kinywani akaibandika kwenye fremu ya mlango wa stoo, mahali pale pale siku zote, hata mbao ikaota doa jeusi. Akirudi kutoka huko juu, kabla hajavua mikanda, kabla hajanywa maji, alikwenda kuibandua akairudisha kinywani, vumbi lake na sisimizi wake pamoja. Siku moja niliikwangua nikaitupa. Alipoikosa alisimama pale mlangoni akawa anapapasa mbao kwa vidole kama kipofu.

"Mama, kuna kitu nilikuwa nimewacha hapa."

"Uchafu nimeutupa," nikamwambia.

"Usitupe tena, tafadhali. Hiyo ndio hunirudisha chini."

Nilidhani anafanya mzaha wake wa kawaida, lakini macho yake hayakuwa na mzaha. Mtu huyu aliyewaambia wageni kutwa kucha kwamba hakuna cha kuogopa, roho yake alikuwa ameiegesha kwenye kipande cha mate makavu. Tangu siku hiyo sikuigusa. Nilikuwa napita mlango ule nimegeuza uso.

Maneno yake yalikuwa machache na yalijirudia mpaka yakatuchosha masikio. "Hakuna mtu amewahi kubaki huko juu," aliwaambia wageni wakati anawakaza mikanda, nao walicheka, na kila kundi lilicheka kana kwamba ni wao wa kwanza kuambiwa. Kisha, "Funga macho, fungua mdomo, hiyo ingine niachie mimi." Ukimsikiliza ungedhani anawapeleka kung'oa jino. Hakumlazimisha mtu, na hilo ndilo nililoliona baya zaidi. Mwenye kulazimisha unaweza kumpigia kelele. Yeye aliongea polepole, akakuuliza shule uliyosoma, akakuuliza chakula anachopika mama yako, na ukija kushtuka miguu yako inaning'inia nje ya ndege.

Kuna msichana wa Nairobi aliyeletwa na mchumba wake kuruka, kama zawadi ya siku ya kuzaliwa. Alikataa mezani. Alikataa garini. Mejumaa, aliyekuwa amekwenda uwanjani na miavuli siku hiyo, aliniambia alikataa hata kwenye ngazi ya ndege, huku Mwalimu akimuuliza habari za paka wake. Aliposhuka ufukweni matapishi yalikuwa kwenye nywele zake. Mchumba akapiga goti mchangani na pete mkononi. Watu wakapiga makofi. Msichana akajifuta mdomo kwa kiganja, kisha akanyoosha mkono ule ule avishwe. Nguo yake ilinifikia baadaye imekunjwa vizuri mno, imefungwa kwa mikono yake mwenyewe, kama mtu anavyoficha kitu akijua kitaonwa na mwanamke mwenzake.

Ningemsamehe Mwalimu mpaka hapo. Lakini siku ya pili, wakati wa chakula, alikuwa amekaa na madereva anawaonyesha kwenye simu yake picha za video za msichana yule akilia angani. Alizipunguza mwendo ili waone upepo unavyomvuruga mashavu. "Cheki mashavu, cheki," akawa anasema, wali umejaa mdomoni, na wenzake wanajipiga mapaja. Niliwamwagia kuku chakula changu.

Sasa nitaje na upande wake mwingine, maana ukimweleza mtu nusu umemwongopea mzima. Siku moja nilikuwa naanika nguo nikamwona ametua na mzee mmoja wa Kizungu, mtu mzima sana. Mzee alishindwa kusimama. Si kwamba ameumia. Alikaa tu mchangani, mikono juu ya magoti, anatazama mbele. Mwalimu alimfukuza mpiga picha. Akakaa kwenye mchanga mbele ya yule mzee, akamvua viatu, akaanza kumsugua nyayo polepole bila neno, mpaka maji yaliyokuwa yakijaa yakawafikia wote wawili. Halafu akamwinua akaenda naye kwa mkono. Habari ile hakumsimulia mtu, wala hakujua kwamba nilimwona.

Na alipofiwa jirani yetu kijijini Mwabungo, Mwalimu alikuja na jembe lake. Alichimba kaburi jua la utosi, akaazima kofia, akasimama nyuma kabisa wakati maiti inaswaliwa, wanaume peke yao, sisi wanawake hatuko, na jioni akala wali wa matanga na wazee. Wazee wakampenda. Nikajiuliza, mtu wa aina hii utamchukia vipi chuki ikakamilika?

Lakini alinisaidia mwenyewe.

Baba yake Mejumaa alikuwa mkwezi wa minazi. Aliangua madafu ya karamu ya hoteli moja, mti ulikuwa umeloa kwa mvua ya usiku, akateleza. Hakuna aliyempigia makofi. Alizikwa alasiri, na karamu nasikia iliendelea kwa soda. Mwalimu alikuwa hajafika pwani wakati huo. Alikuja kuhadithiwa na watu wa kazini, na asubuhi moja akaja uani kwangu na uso wa kunipa pole. Alinipa pole kweli, kwa heshima. Kisha akatazama juu, akatafuna, akasema, "Shida ya mzee ni moja tu, hakuwa na mwavuli."

Akacheka. Naye hakuwa na nia mbaya, najua, ndivyo ulimi wake ulivyozoea kuteleza. Nilikuwa na ovaroli mkononi, imelowa. Niliikamua mpaka vidole vikaniuma. Watu hawa hulipa ili waonjeshwe kile kilichomuua mume wangu, waonjeshwe kidogo, halafu warudi chini waagize maji ya matunda. Hilo silielewi mpaka leo, na sitaki kueleweshwa.

Kwetu mtu hatoki kwenda kwenye jambo la hatari bila radhi za mamake. Akiwa hai unamfuata alipo, unapiga goti, unamwomba. Akikupa, umekwenda na mama yako. Asipokupa, hata kama hajakulaani, unakwenda peke yako. Hakuna aliyetufundisha kwa kutukalisha chini. Tumelikuta, nasi tumeliendeleza.

Mwalimu hakulijua mpaka dereva mmoja wa kampuni alipopewa nafasi ya kuruka bure. Dereva alisema sawa, lakini kwanza afike Kikoneni kwa mamake. Mwalimu akamcheka wiki nzima. Mwishowe akampakia mwenyewe kwenye pikipiki, wakaenda. Walimkuta mama wa watu shambani, kijana akapiga goti kwenye matuta ya muhogo, mama akamwekea mkono kichwani, akanong'ona maneno yake, akamrudisha. Kesho yake dereva aliruka kama mtu anayeshuka kitandani. Nguo yake niliichunguza makusudi. Ilikuwa kavu.

Mwalimu alirudi na habari ile kama mtu aliyeokota lulu. "Mama, hii kitu ni noma," aliniambia. "Inatoa uoga yote. Si mngetuambia mapema?" Na hapo ndipo alipokosea kosa la watu waliokuja pwani wakadhani kila walichokiona kinauzwa. Alimchukua bibi mmoja wa ufukweni, muuza makombe ya konokono wa baharini, akamweka kwenye kiti karibu na meza ya wageni, awe anawawekea mikono kichwani kabla hawajaenda uwanjani. Wageni walipenda. Walipiga magoti kwa zamu, wakipigwa picha, na bibi wa watu, ambaye hata hakuelewa wanakoenda, alikuwa akiwaambia "Haya, haya, mwanangu," huku anatazama makombe yake yasiibwe. Nilipoona vile niliacha beseni langu. Nilimwendea.

"Mwalimu, radhi haziombwi kwa mtu uliyemkuta njiani."

"Lakini mama, si ni mkono tu na maneno? Huyu pia ni mama ya watu."

"Ni mama wa watu. Si mama wa hawa."

"Wao hawajui hiyo tofauti."

"Wewe unaijua. Nimeshakwambia."

Bibi alirudi kwenye makombe yake siku ile ile, si kwa sababu yangu, ila alichoka kukaa juani. Lakini Mwalimu alikuwa ameng'amua jambo lililonihusu. Alijua kwa nini Mejumaa haruki.

Mwanangu alikuwa mkunja miavuli. Alianza kazi ile alipomaliza shule, mimi ndiye niliyemwombea, nikidhani kazi ya kukunja vitambaa sakafuni haina ubaya wowote. Ana mikono mizuri. Ungemwona amepiga magoti kwenye sakafu ile ndefu, anasukuma hewa itoke kwenye kitambaa kwa viganja, analaza kamba moja moja, hasemi na mtu. Kwa kuwa alikuwa mwepesi wa kujifunza, Mwalimu alimfunza na mambo mengine, akawa anampandisha ndegeni kutazama. Kisha akapata ndoto yake. Mejumaa awe msichana wa kwanza wa kwetu kuruka peke yake, halafu abebe wageni, picha yake iwekwe kwenye bango la njia panda. "Meju," alimwita. Jina zuri la watu amelikata katikati kama ndizi.

Mejumaa alimjibu mara moja tu, "Mpaka mama atoe radhi." Hakuniambia mimi neno. Hakuniomba. Alirudi nyumbani, akapika, akalala. Ni Mwalimu aliyekuja.

Alikuja na sukari. Wiki nyingine akaja na samaki wawili aina ya changu, wabichi, kwenye mfuko wa nailoni, wanamdondokea maji miguuni. Akaja na unga wa ngano, akaja na kanga. Alivua miwani mlangoni, akapiga hodi, akatoa shikamoo kwa kirefu kama alivyofunzwa, akakaa kwenye mkeka na magoti yake marefu yamemfika masikioni. Kwetu mgeni akikuletea kitu hukirudishi, ni kumvunjia heshima. Nilipokea, nikashukuru, nikampa kahawa. Akizungumzia kuruka, mimi nilizungumzia mvua. Nilidhani mtu mzima ameelewa.

Hakuelewa. Kwao labda ukila cha mtu umekubali neno lake. Jumapili moja niliitwa kutoka uani mbio, nikafika mbele na povu mpaka viwikoni. Kulikuwa na wageni, wapiga picha, na meneja amevaa shati la kola. Mejumaa alikuwa katikati amevaa ovaroli ya chungwa na mikanda, mikono imemlegea, haniangalii.

"Huyu ndiye mama yake," Mwalimu akawatangazia. "Na leo anampatia radhi live, mbele yenu nyote. Mama, karibu."

Nilipita katikati yao. Simu zote zilinyanyuliwa. Nilimfikia mwanangu, na sikumtazama Mwalimu hata kwa jicho moja.

"Vua hiyo nguo," nikamwambia Mejumaa, "ina doa, nikaifue."

Haikuwa na doa. Alivua. Nikaikunja kwapani, nikarudi nayo uani, nikaitia kwenye maji. Nyuma yangu nikasikia cheko la Mwalimu likijaribu kuyafunika yote, likashindwa. Nilijaa hasira na haya. Kitu kinachosemwa kwa kunong'ona kati ya mzazi na mwana alikuwa amekitandaza ufukweni.

Hakuja tena nyumbani na mfuko. Kazini alinisalimu kwa adabu. Mejumaa aliendelea kukunja, na aliendelea kupanda ndege kutazama, na kati yangu na yeye jambo lile lilikaa kama mgeni asiyeaga. Sikulitoa. Yeye hakuliomba.

Kuanguka kwake mwenyewe Mwalimu hakukusababishwa na mwavuli, maana mwavuli aliukunja mwanangu na ulifunguka sawasawa. Kulisababishwa na harusi. Palikuwa na harusi ya watu wakubwa ufukweni, mahema meupe, na alikuwa anashuka peke yake bila mgeni. Alipenda sana kufanya jambo ambalo wenzake walikuwa wakimkataza. Akikaribia chini kabisa alijizungusha kwa nguvu, mwavuli ukalala upande, naye akapita juu ya mchanga kwa kasi kama anayetaka kufagia vichwa vya watu, watazamaji wapige ukelele. Siku hiyo alijizungusha amechelewa. Nilikuwa nyuma ya kamba ya nguo. Sikuona alipogusa, nilisikia. Nimekulia kwenye minazi, sauti ile sikuhitaji kuelezwa.

Nilipofika alikuwa na mchanga kinywani na mguu umeelekea kusikoelekea mguu. "Niko sawa," alikuwa anasema, "niko sawa, niko sawa." Watu wa harusi walikuwa wamemzunguka na simu. Bibi harusi naye alikuwa anapiga picha, ameinua gauni lisichafuke. Nikavua kanga yangu ya juu nikamfunika kuanzia kiunoni, kwa sababu alikuwa amejiharibia, na mtu hata awe nani hastahili kupigwa picha katika hali hiyo. Kabla mwezi haujaandama mara ya pili kampuni ilikuwa imeshaleta mwalimu mwingine, kijana mwenye meno mazuri. Chingamu ya mwisho ilikaa kwenye fremu mpaka mchoraji alipopaka rangi mpya juu yake.

Nilikawia kwenda kumwona. Nilimtuma Mejumaa na chakula, naye alikwenda kila jioni baada ya kazi, katika chumba cha kupanga Ukunda alikorudishwa kutoka hospitali, nyuma ya maduka ya simu, ambako jirani yake wa kiume alikuwa akimgeuza asubuhi kabla ya kwenda kazini. Watu wakaanza kuniuliza hali ya mgonjwa, nami sina la kuwajibu. Kumzuru mgonjwa ni wajibu hata kama moyo umekataa. Ijumaa moja, jua halijashuka, nikaenda.

Mlango ulikuwa umerudishwa tu. Nilipiga hodi, akaitikia kwa sauti nisiyoijua. Harufu ilinipokea kabla yake. Alikuwa chali kwenye godoro, mguu umejaa vyuma vilivyotoka nje ya nyama, na chupa yake ya haja ndogo ilikuwa imempindukia. Shuka lilikuwa limeloa kuanzia kiunoni mpaka magotini, na si la saa ile. Aliponitambua alijifunika uso kwa mto.

"Mama, nenda. Jirani atakuja usiku."

"Geukia ukutani," nikamwambia.

Si kazi ya mwanamke kwa mwanamume asiye wake, na nilikuwa nimekunja pua wala sikujificha. Lakini nilijua kulivuta shuka chini ya mtu, nikalivuta. Nikampa kitambaa ajipanguse, nikatazama kando. Nikatia mashuka kwenye beseni. Aliongea akiwa ameelekea ukuta, na pengine ni ukuta uliomwezesha.

"Mama, mimi nilikuwa naogopa."

"Ulipoanguka?"

"Kila siku. Wakifungua mlango ya ndege, nataka kurudi chini na hiyo ndege. Kila siku, tangu ile ya kwanza."

Niliacha nilichokuwa nafanya.

"Na wale wageni?"

"Wale nilikuwa nawafunga hapa mbele," akasema, akagusa kifua. "Wakilia, mimi sijisikii. Nikiona wanalia sana ndio nacheka. Nikiwa na mtu ameogopa kuniliko, naweza kuruka. Nikiwa pekee yangu ndio ngumu. Ndio maana huwa nafanya zile fujo huko chini, niskie watu wakipiga nduru."

Nimeona uchafu mwingi wa watu, lakini haukunichefua kama maneno yale. Nguo zote zile, msichana wa pete, wote aliowabembeleza na habari za paka na mapishi ya mama zao, aliwapeleka juu wakaogope badala yake. Nami nimemfulia hofu yake miaka yote hiyo, nikidhani ni ya wageni.

"Mwanangu ulimtakia nini?" nikamuuliza. "Naye umfunge hapo?"

"Hapana, mama. Yeye akikaa mlangoni kuangalia, hatetemeki. Mkono yake iko tu hivi, imetulia. Nilitaka kuona mtu haogopi akiruka. Nione vile inakaa."

"Naogopa."

Ilikuwa sauti ya Mejumaa. Alikuwa amesimama mlangoni na kibakuli cha chakula kimefungwa kwa kitambaa, viatu amevua nje, ndiyo maana hatukumsikia. Sijui alifika saa ngapi. Aliyoyasikia yalimtosha.

"Naogopa sana, Mwalimu," akasema. "Mikono naikaza. Wewe umenifunza mengi, lakini hukuwahi kuniuliza."

Mwalimu hakugeuka. Aliuvuta mto usoni, nami sikutaka kujua kama analia.

Mejumaa aliweka kibakuli juu ya stuli. Kisha akaja akapiga goti mbele yangu, kwenye saruji ile iliyoloa. Katika siku zote zile za sukari na samaki, hakuwahi kuniomba kwa kinywa chake.

"Mama, kesho kuna ndege. Naogopa, lakini nataka. Naomba radhi zako."

Nilimtazama utosi. Nilimwona baba yake, sitasema uongo. Mchezo ule niliuchukia pale pale nilipokuwa nimesimama, niliwachukia wenye ndege na wenye harusi, na aliyekuwa amelala nyuma yangu nilimchukia zaidi ya wote. Lakini mtoto aliyekiri kwamba anaogopa, akaja na hofu yake mwenyewe, asimtwike mtu mwingine, nitamrudisha na nini? Nilimwekea mkono kichwani. Sikuwa nimenawa. Ulikuwa unanuka mkojo wa mtu, na nikafikiri niuondoe nikanawe kwanza, nikaona nikiuondoa hautarudi.

"Nenda, mwanangu," nikasema. "Radhi zangu unazo."

Nikanong'ona yanayobaki, ambayo ni yetu sisi wawili. Ndipo Mwalimu akageuza kichwa kutoka ukutani. Macho yalikuwa mekundu na midomo imepasuka, na shingo alikuwa ameinyoosha kuja upande wetu, kichwa amekiinamisha kidogo, chini ya mkono wangu ambao ulikuwa bado hewani.

"Na mimi je, mama?"

Nilishusha mkono. Niliinama nikabeba beseni la mashuka yake, nikaliweka kiunoni.

"Wewe," nikamwambia, "kesho nitakuletea uji."

Nikatoka kwenda kutafuta mfereji.